Maswali ya Wasomaji: Kivuli, Vizibo na Kishikwambi Kimoja

Barua nilizopokea mwezi huu karibu zote zinauliza jambo moja kwa sura mbalimbali: mwalimu wa shule ya msingi mwenye darasa lililojaa na vifaa vya kuhesabika afundisheje sayansi kwa vitendo, na teknolojia aitumie wapi? Nimechagua sita. Nimefundisha Sayansi na Hisabati kwa miaka 31 katika shule za msingi za kandokando ya Ziwa Victoria, kwa hiyo haya ninayoyajibu nimeyafanya kwa mikono yangu, na baadhi yake niliyakosea kwanza kabla ya kuyapata.

Swali. *Shikamoo Mwalimu. Ninafundisha darasa la nne huku Igoma, nina wanafunzi 84. Kifaa pekee cha teknolojia nilicho nacho ni kishikwambi, vile tulivyogawiwa walimu baada ya sensa ya mwaka 2022. Projekta hatuna. Mwalimu mkuu anataka aone teknolojia ikitumika katika andalio la somo. Nikikiinua kuwaonyesha picha, walioko nyuma hawaoni. Nikikipitisha mkono kwa mkono, kipindi kinakwisha kabla hakijafika safu ya tatu. Nifanyeje?*

Marahaba, mwalimu mwenzangu. Kishikwambi chako kinashindwa kwa sababu umekipa kazi ya televisheni, na hakuna televisheni ya inchi kumi inayowatosha watoto 84. Kipe kazi ya saa, ya kamera na ya daftari la kumbukumbu, halafu kazi yenyewe waachie watoto waifanye kwa mikono.

Anza na kivuli, kwa maana jua la Mwanza halidai bajeti. Wagawe wanafunzi katika makundi 12 ya watoto saba saba. Kila kundi lisimamishe uwanjani fimbo nyoofu yenye urefu wa mita 1 kutoka ardhini, wakiinyoosha kwa timazi ya uzi na jiwe. Kabla hawajapima chochote, kila mtoto aandike katika daftari lake saa anayodhani kivuli kitakuwa kifupi kuliko wakati mwingine wote. Usiwasaidie. Karibu wote wataandika saa 6:00 kamili, kwa sababu hivyo ndivyo tunavyosema sote, kwamba saa sita jua liko utosini. Mwombe mwalimu wa taaluma akupe vipindi viwili vinavyofuatana, yaani dakika 80, ili makundi yapime kuanzia saa 6:00 mpaka saa 7:20, kila baada ya dakika 10. Wanatoka kwa dakika mbili, wanaweka kijiwe kwenye ncha ya kivuli, wanapima kwa rula, wanarudi chini ya mti. Hakuna sababu ya kuwaunguza na jua.

Kishikwambi kinakuwa na kundi moja tu, ambalo wiki hiyo ni kundi la kumbukumbu. Kazi yao ni kutangaza saa, na kupiga picha ya fimbo ileile kutoka mahali palepale kila baada ya dakika 10, ili mwishoni wawe na picha tisa. Katika kipindi kinachofuata, wakati darasa zima likichora grafu ya urefu wa kivuli dhidi ya saa, kila kundi linaitwa mbele kwa dakika mbili kuziangalia picha hizo zikifuatana, na ncha ya kivuli wanaiona ikitembea. Makundi 12 kwa dakika mbili ni dakika 24, na hapo kila mtoto ameshakishika na kukitazama kifaa kwa karibu.

Jambo litakalowashangaza ni kwamba kivuli kifupi hakitatokea saa 6:00. Kwa wastani kitatokea karibu saa 6:50; mwanzoni mwa Novemba hutangulia hadi karibu saa 6:30, na katikati ya Februari huchelewa hadi kupita saa 7:00. Sababu ni kwamba saa ya Afrika Mashariki imewekwa kwa kufuata longitudo ya nyuzi 45 Mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Dunia huzunguka uzi 1 kwa kila dakika 4, kwa hiyo nyuzi 12 za tofauti ni dakika 48. Mtoto wa darasa la nne anaiweza hesabu hiyo ya kuzidisha, na akiifanya baada ya kukiona kivuli kwa macho yake, hataisahau. Rudieni jaribio hilo mwezi Juni na tena Desemba. Juni kivuli kifupi kitakuwa na sentimita 48 hivi na kitaelekea kusini. Desemba kitakuwa na sentimita 38 hivi na kitaelekea kaskazini. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba kitakaribia kupotea kabisa chini ya fimbo.

Kuna jambo moja ambalo ninakusihi ulisimamie wewe mwenyewe. Ukiwaachia watoto wagawane kazi, mara nyingi wavulana watashika fimbo, rula na kishikwambi, na wasichana watapewa daftari kwa sababu wana mwandiko mzuri. Nimeliona hilo katika shule tatu tofauti. Andika ubaoni zamu za mpimaji, mwandishi, msemaji na mshika kifaa, na zibadilike kila mara, bila kusubiri mtu alalamike.

Swali. *Mwalimu, mimi ni mama wa watoto wanne, ninauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwanangu wa darasa la tano kila wiki anadai kitu: vizibo vya soda, chupa tupu, maboksi, karatasi ya foili. Nikimuuliza wamefanya nini, anasema walitengeneza mitumbwi. Mitumbwi mimi ninaiona kutwa. Je, hawa watoto wanasoma au wanacheza, nami ninalipia daftari na sare?*

Mama yangu, swali lako ni la haki, na ninakujibu kwa kukuonyesha nilichokiona katika darasa moja nilikoalikwa mwaka jana. Kila kundi lilipewa kipande cha foili cha sentimita 15 kwa 15, beseni la maji na mfuko wa vizibo, likaambiwa liunde chombo kitakachobeba vizibo vingi bila kuzama. Kundi moja lilikunja foili ikawa kama bakuli, wakamimina vizibo kwa pamoja upande mmoja. Chombo kikalala ubavu, kikanywa maji. Katika kundi la dirishani alikuwamo msichana mmoja mwembamba aliyekunja kingo nne kwa kucha zake, akazibana pembe mpaka zikakaza, kisha akaanza kupanga vizibo kimojakimoja: cha kwanza katikati, cha pili pembeni, cha tatu upande unaokabiliana nacho, na baada ya kila kizibo aliinama mpaka jicho likawa usawa wa maji, atazame ukingo umebakiza kiasi gani. Alifikisha vizibo 63. Mwalimu alipomuuliza amejifunza wapi kupakia namna ile, alisema baba yake hupanga magunia ya dagaa kuanzia katikati ya mtumbwi akielekea pande zote mbili.

Baada ya hapo mwalimu alirudi ubaoni, na hapo ndipo shule ilipoingia. Chombo chenye kitako cha sentimita 10 kwa 10 na kina cha sentimita 2 kina ujazo wa sentimita za ujazo 200. Kikizama hadi ukingoni kinasukuma pembeni maji ya ujazo huo, na maji hayo yana uzito wa gramu 200. Basi foili na vizibo kwa pamoja haviwezi kuzidi gramu 200. Watoto walipima vizibo kumi kwa mizani ya duka, wakatafuta uzito wa kimoja, wakakokotoa ni vingapi vingebebwa, kisha wakajiuliza kwa nini hawakufikia idadi hiyo. Ujazo huo, Mama, ndio unaoulizwa katika mtihani wa Hisabati wa kumaliza elimu ya msingi. Na kwamba chombo kinaweza kuelea na bado kikapinduka kwa namna kilivyopakiwa, ni somo ambalo sisi wa Mwanza, tunaoikumbuka tarehe 21 Mei 1996 na meli ya MV Bukoba, hatuna ruhusa ya kulichukulia kuwa mchezo.

Hata hivyo usiridhike na maneno yangu. Mwanao akirudi nyumbani, muulize maswali mawili: kabla hamjaanza, wewe ulikisia nini? Na baada ya kufanya, mliona nini? Akiyajibu yote mawili, alikuwa anasoma. Akijibu tu kwamba walitengeneza mitumbwi, nenda shuleni ukamwone mwalimu wake kwa upole, kwa sababu kazi ya mikono isiyotanguliwa na makisio ni ufundi wa karatasi tu. Na usinunue foili. Ile iliyomo ndani ya pakiti za sigara, mkiiokota na kuinyoosha, inatosha kwa kazi hiyo. Hakuna jaribio la darasa la tano linalostahili kumnyima mtoto daftari.

Swali. *Mwalimu, ninafundisha katika shule moja kisiwani Ukerewe. Umeme hatuna, tuna paneli ndogo ya sola na betri moja kubwa katika ofisi ya walimu, ambayo hutumika kwa taa na kuchaji simu. Ninataka kufundisha umeme kwa vitendo. Wenzangu wananishauri niwatoe watoto waiangalie ile betri ya sola na kuunganisha nyaya zake. Je, inafaa?*

Kuiangalia inafaa. Kuigusa, hapana, na hapo sitalegeza neno. Betri ya sola ya volti 12 haimrushi mtu kama umeme wa nyumbani, na ndiyo maana watu huidharau. Lakini waya mmoja ukigusa ncha zake zote mbili, unapita mkondo mkubwa ambao kwa sekunde chache unaweza kuuyeyusha waya huo na kuunguza vidole, na ndani yake mna asidi. Vivyo hivyo mtoto asifungue betri ya simu, wala asichezee soketi yoyote, hata akiwa shule ya mjini, kwa kuwa humo mna volti 230.

Kwa kazi yako zinatosha betri kavu za tochi. Kila moja ina volti 1.5, ukizipanga mbili, kichwa cha moja kikigusa kitako cha nyingine, unapata volti 3. Balbu ndogo ya tochi itawaka. Visiwani kwenu tochi mbovu za LED haziwezi kukosekana, na vitaa vyake vyeupe mara nyingi bado ni vizima. Kitaa cheupe huhitaji karibu volti 3, kwa hiyo betri mbili zinakitosha. Chekundu huhitaji volti 2 hivi, na kikipewa 3 moja kwa moja kinaweza kuungua. Kitaa cha LED kina miguu miwili isiyolingana, na mguu mrefu ndio unaokwenda upande chanya. Usiwaambie watoto hilo mapema. Waache kundi moja waone chao kinawaka, kundi la jirani chao kimekataa, na betri ni zilezile; ndani ya dakika tano mtoto mmoja atakigeuza, na darasa zima litakuwa limegundua kwamba kuna vifaa ambavyo umeme hupita upande mmoja tu.

Wakishaweza kuwasha, wakate waya mmoja katikati na kuacha nafasi, kisha wajaribu kuiziba nafasi hiyo kwa vitu mbalimbali: sarafu, ufunguo, jani, uzi mkavu, kijiti, na risasi ya penseli iliyochongwa pande zote mbili. Kwa kila kitu waandike kwanza "kitawaka" au "hakitawaka". Penseli ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu wengi hukisia kwamba haitapitisha umeme, nayo hupitisha, ila mwanga hufifia. Waulize kwa nini umefifia, halafu nyamaza. Mwalimu akijifunza kunyamaza kwa dakika moja baada ya swali kama hilo, atasikia mambo.

Waya ukianza kupata moto, waachie mara moja. Huo ni umeme unaorudi kwenye betri bila kupitia kwenye kitaa. Betri zilizokwisha zikusanywe kwenye kopo, zisitupwe ziwani.

Kwa kuwa uko Ukerewe, usiache kuliunganisha somo hilo na uvuvi. Baba wa watoto hao walivua dagaa kwa mwanga wa karabai, na sasa wengi wanavua kwa taa za betri. Mwombe mvuvi mmoja alete taa yake darasani, aeleze huwaka kwa saa ngapi kabla haijahitaji kuchajiwa, na kwa nini siku za mbalamwezi haendi kuvua. Swali hilo la mwisho litakufungulia mada ya mwezi na nafasi zake, ambayo mtoto wa kisiwani anaifahamu kwa mfuko wa baba yake kabla hajaisoma kitabuni.

Swali. *Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi katika wilaya ya Nyamagana. Mfadhili anataka kutupatia kompyuta kumi au seti za roboti za kuunganisha, tuchague. Wanafunzi ni zaidi ya 900. Utatushauri nini?*

Kabla ya kuchagua, Mwalimu Mkuu, muulize mfadhili maswali yasiyo na uzuri wa kupigia picha: nani atafundisha walimu wangapi, kwa siku ngapi, kifaa kikiharibika mwaka wa pili, kitatengenezwa na nani na kwa fedha ya nani, programu zake zinafanya kazi bila intaneti au la. Chumba kina dirisha la nondo na mlango wa kufuli? Vumbi la kiangazi litazuiwaje? Nimeona vyumba vya kompyuta vilivyofunguliwa kwa ngoma na baada ya miaka miwili vikawa stoo ya madawati, wala hakuna aliyekuwa mvivu. Hakukuwa tu na mtu mmoja aliyefundishwa kubadilisha kifaa cha umeme cha shilingi chache.

Kati ya hivyo viwili ningechagua kompyuta chache kuliko kumi, na fedha inayobaki ningeomba iende kwenye mafunzo ya walimu na matengenezo. Katika kompyuta hizo mweke Scratch, programu ya kujifunza kuandika maagizo ya kompyuta iliyotolewa mwaka 2007 na chuo cha MIT cha Marekani. Ni ya bure, hufanya kazi bila intaneti ikishawekwa, na ina lugha ya Kiswahili, kwa hiyo mtoto anapanga vipande vya maagizo katika lugha anayoiota. Wekeni pia majaribio ya kuigiza ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo nayo ni ya bure, yanaweza kupakuliwa, na mengi yametafsiriwa kwa Kiswahili. Lipo la sakiti za umeme. Litumieni baada ya watoto kushika waya na betri halisi, wala si badala yake. Mtoto aliyewahi kuungua kidogo kidole kwa waya uliopata moto anaelewa kwa nini kwenye kioo betri inashika moto, na yule ambaye hajawahi anadhani ni katuni.

Kama mfadhili atashikilia vifaa vya kuunganisha, mwelekezeni kwenye vibao vidogo vya aina ya micro:bit, vilivyoanzia Uingereza mwaka 2016. Kibao kimoja kinawashwa kwa betri mbili ndogo, kinapima joto na mwanga, na watoto wanaweza kutoka nacho uwanjani. Roboti inayocheza dansi mezani hufurahisha siku ya kwanza. Kifaa kinachopima kitu ambacho darasa lilikuwa linakibishania kitatumika mwaka mzima.

Swali. *Ninafundisha Magu, shule yetu iko karibu kabisa na ziwa. Ninataka kuwapeleka wanafunzi wa darasa la sita ufukweni wachote maji, wayapime na kuyachuja. Je, una mwongozo?*

Somo ni zuri, ila watoto wasiingize miguu majini, hata kwa dakika moja. Ziwa letu lina kichocho. Konokono wa majini hutoa vijidudu visivyoonekana kwa macho ambavyo hupenya ngozi ya mtu akiwa amesimama tu majini, na penye magugu na maji yaliyotulia ndipo konokono hao wanapopenda kukaa. Kuna mamba na viboko pia, lakini hao kila mtu anawaogopa. Kichocho hakiogopwi, ndiyo maana kinawapata watoto wengi. Mtu mzima aliyevaa mabuti achote maji kwa ndoo yenye kamba. Maji hayo yafunikwe na yakae siku mbili kamili bila konokono wala majani ndani, kwa kuwa vijidudu hivyo haviishi muda huo nje ya mwili, ndipo watoto wayaguse, na baadaye wanawe mikono kwa sabuni.

Kuchuja kwenyewe ni rahisi: chupa ya plastiki iliyokatwa kitako na kugeuzwa mdomo chini, pamba, mkaa uliopondwa na kuoshwa, mchanga safi, na kokoto juu. Kila kundi libadilishe mpangilio wa tabaka na kukisia ni mpangilio upi utatoa maji maangavu zaidi. Kupima uangavu, waweke karatasi yenye neno chini ya glasi na kutazama kutoka juu, wakiongeza maji mpaka neno lisisomeke, kisha wapime kina kwa rula. Kishikwambi, kama kipo, kipige picha za glasi zikiwa mbele ya karatasi nyeupe.

Halafu fanya jambo hili mbele ya macho yao: shika glasi yenye maji maangavu kuliko yote, waulize nani angeyanywa, na ukishaona mikono imeinuka, yamwage. Waeleze kwamba mchanga na mkaa wa chupa umeondoa tope, haukuondoa vimelea vya kipindupindu na homa ya matumbo, na kwamba maji hayo yangehitaji kuchemshwa au kutiwa dawa. Mwalimu akiiacha sehemu hiyo, kuna mtoto atakwenda nyumbani kumtengenezea mdogo wake maji ya kunywa kwa chupa na mchanga.

Swali. *Shikamoo Bibi. Mimi ninasoma darasa la tano, Nyegezi. Mwalimu alichemsha maji kwenye jiko la mkaa nje ya darasa, na sisi tukasoma kipimajoto. Tulisoma mara tatu, kikasimama kwenye 96. Kitabu kimeandika 100. Mwalimu akasema kipimajoto ni kibovu, tuandike 100. Mimi na rafiki yangu tumebishana mpaka hatusemeshani. Nani amekosea?*

Marahaba, mjukuu wangu. Kitabu hakikukosea, na mlivyosoma pia hamkukosea. Kitabu kinazungumzia maji yanayochemka usawa wa bahari, kama Dar es Salaam au Tanga. Ziwa Victoria liko mita 1,134 hivi juu ya usawa wa bahari, na ukipanda juu namna hiyo, hewa inayoyakandamiza maji inapungua. Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuisukuma hewa hiyo. Hewa ikiwa pungufu, kazi ni nyepesi, na maji huchemka kabla ya kufika 100. Kwa kila mita 300 unazopanda, toa karibu uzi 1. Gawanya mita 1,134 kwa 300, toa jibu katika 100, uone unapata nini.

Mwalimu wako naye alikuwa na sababu ya kukitilia shaka kipimajoto, kwa maana vipimajoto vingine huharibika kweli, na ipo njia ya kukipima chenyewe. Mwombe mtu mzima akuletee barafu kidogo, ile wanayohifadhia samaki. Ipondwe, itiwe kwenye kikombe na maji kidogo, ikorogwe, kisha kipimajoto kizamishwe humo kwa dakika chache. Kikisoma 0, au karibu sana na hapo, ni kizima, kwa sababu barafu inayoyeyuka haijali sana mwinuko wa mahali. Kitumike kilekile cha maabara mlichotumia. Kile cha hospitali huishia nyuzi 42, na katika maji yanayochemka kitapasuka.

Katika mtihani, ukiulizwa maji huchemka kwa nyuzi ngapi usawa wa bahari, andika 100. Katika daftari la jaribio, andika 96 na uandike pia "Mwanza", kwa maana hicho ndicho mlichokiona.

Ninakuandikia haya nikimkumbuka mvulana mmoja niliyemfundisha katika miaka yangu ya mwanzo, aliyeandika 96 katika karatasi yake. Nilimwekea mkasi kwa kalamu nyekundu. Alikuja mezani, akaniambia taratibu kwamba ndivyo kipimajoto kilivyosema, nami nikamrudisha akaketi. Nilikuja kujua ukweli miaka saba baadaye, na kufikia hapo sikujua tena alikokuwa.

Patana na rafiki yako leo. Kisha muombeni mwalimu mpime barafu hiyo pamoja, naye awepo, na mniandikie kipimajoto kilisoma ngapi.